Rula Tatu za Kalamu Nne

Kalamu Nne aliingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa sababu moja tu, duka lilikuwa na feni. Akasimama chini yake, akachukua bawaba, akaipeleka sikioni, akaifungua na kuifunga, kisha akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia kifua kibaya. Muuza duka akamwogopa kidogo. Hiyo ndiyo faida ya kutembea na kalamu nne kwenye mfuko wa shati. Mbili hazikuwahi kuandika hata nukta, ya tatu ilikuwa tochi, na ya nne ilitoka posta, bado ina kipande cha uzi uliokuwa umeifunga pale kaunta.

Mara akaingia mtu mnene mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Mtaa mzima ulimwita Bosi, maana alikuwa na karakana ya useremala na sauti ya mtu mwenye karakana mbili.

"Nataka rula ya chuma," akasema Bosi.

"Ya mwanafunzi?"

"Mwanafunzi wa wapi? Nimenunua mashine ya randa, mkono wa pili. Ina meza mbili za chuma, ubao unaingilia huku, unapita kwenye kisu, unatokea huku. Meza hizo lazima zilingane. Zangu hazilingani. Naingiza ubao, inatoka ndizi."

Muuza duka akaenda nyuma, akarudi na pima maji la futi nne. "Hili limenyooka."

"Umejuaje?"

"Ndilo ghali kuliko yote."

Bosi akalitazama, akalipindua, akalirudisha. Kisha, kama watu wenye shida wanavyofanya, akamwaga moyo wake wote mbele ya mtu asiyeuliza. Alikuwa na milango arobaini ya zahanati, kazi ya wiki sita, na mbili zilikuwa zimeshapita. Malipo ya awali yote yaliishia kwenye mashine. Asipotoa milango, mwenye kazi angechukua mashine na karakana yenyewe, karakana aliyoachiwa na marehemu baba yake. Fundi wa kuseti mashine alikuwepo, ndiyo, lakini alipotaja bei yake Bosi alidhani anauziwa mashine ya pili.

Kalamu Nne aliirudisha bawaba rafuni kwa heshima zote. Mtu ana shida, ana haraka, halafu ni bahili! Wataalamu wa fani yake huvitafuta vitu hivyo vitatu maisha yao yote, na mara nyingi huvikuta kwa watu watatu tofauti.

Alimfikia Bosi nje, kwenye kona.

"Samahani bosi, sikutaka kuingilia mambo yako. Ila ungenunua lile pima maji, ungekwenda kulia nyumbani."

"Wewe nani?"

"Mimi nashughulika na unyoofu."

"Unyoofu?"

"Wa chuma, bosi. Wa binadamu nilishindwa." Akachomoa kalamu moja, akaanza kuhesabia vidole. "Rula ya kusetia mashine ina mambo yake. Kwanza urefu, lazima ilale juu ya meza zote mbili kwa mpigo. Ikiwa fupi inakuchungulia meza moja tu, nyingine inajifanyia inavyotaka. Pili unene, ukiishika katikati isilegee. Namba za sentimita hazina kazi hapo, wewe hupimi kitambaa. Tatu, na hapa ndipo watu wanapolizwa, ushahidi. Nani kasema imenyooka? Kila muuzaji atakuapia. Muulize, unathibitisha kwa kitu gani?"

Kila neno hapo lilikuwa kweli tupu. Alilisoma kwenye ukurasa wa katalogi ya zana, aliofungiwa misumari. Tapeli wa kiwango chake haanzi na uongo. Uongo anauweka akiba.

"Na wewe unayo hiyo rula?" akauliza Bosi.

"Ninayo moja. Iliagizwa na kiwanda, kiwanda kikafilisika kabla ya kuipokea. Nusu bei."

Wallahi, neno "nusu bei" lilipotoka, vumbi lilianguka lenyewe kutoka kwenye nyusi za Bosi.

Rula hiyo ilikuwa haijazaliwa. Siku ile ile Kalamu Nne alikwenda kwa fundi wa mageti, akanunua vipande viwili virefu vya chuma bapa vilivyobaki kwenye geti la mtu. Gereji akaomba ile grisi yenye mchanga wanayosagia valvu za injini. Akapaka grisi, akalaza makali ya chuma kimoja juu ya mwenzake, akasugua. Akasugua siku tatu, mpaka vidole vikachubuka na kufungwa bandeji. Kama vilinyooka, hakuuliza. Alichotaka ni vilingane, basi. Kisha akavilaza kwenye sanduku la mbao lililotandikwa kitambaa chekundu cha kochi bovu.

Karakanani alilifungua sanduku polepole, kama anamfunulia mtu bibi harusi.

"Hii ya chini ni rula mama, haiuzwi, ndiyo kipimo chenyewe. Hii ya juu ndiyo yako." Akayasimamisha makali ya moja juu ya nyingine, akawasha kalamu tochi nyuma yake. "Unaona mwanga unapita?"

Bosi aliinama, akafumba jicho moja, akafumba la pili, akafumbua yote. "Sioni kitu."

"Basi hapo umeuona unyoofu wenyewe."

Bosi alishusha bei mara mbili zaidi, akalipa, na jioni alimwambia mkewe kwamba amemkaba bei jamaa mmoja mpaka akamwonea huruma.

Siku mbili alikesha juu ya mashine, akilegeza bolti hii na kukaza ile, akiifuata rula yake kama mwongozo wa Mungu. Ubao ukatoka. Haukuwa ndizi tena. Safari hii ungeweza kuugeuza kitanda cha mtoto cha kubembea bila kazi ya ziada.

Siku ya tatu akafika Shangazi.

Shangazi, dada wa marehemu baba yake, alifanya kazi miaka ishirini na saba kwenye kiwanda cha samani, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kuseti mashine, mpaka kiwanda kilipofungwa na mashine na rula zake zote kuuzwa. Bosi hakuwa amemwita kumsaidia. Shangazi akiingia karakanani, kitu cha kwanza anachofagia ni heshima ya mwenye karakana. Siku hiyo alikuja tu kusalimia, akaona ubao.

"Mwanangu, hii ndiyo milango ya zahanati? Wagonjwa wataingilia kwa chini?"

Bosi akamwonyesha sanduku. Shangazi akaitoa rula. Alipaka ubao chaki, akalaza rula, akachora mstari kwa ncha ya msumari. Akaipindua rula ikalala upande wa pili wa mstari, ncha zake pale pale, akachora tena. Mistari ikaanza pamoja, ikaachana katikati, ikakutana tena mwishoni. Akaingiza ukucha wake kwenye ule uwazi wa katikati. Ukaingia bila kubanwa.

"Nakwenda polisi!" akafoka Bosi. "Sasa hivi!"

"Ukawaambie nini? Kwamba ulikuta kitu cha thamani kwa nusu bei ukakimbilia?"

Bosi akakaa kwenye mbao. "Shangazi, zimebaki wiki tatu. Karakana ya baba inakwenda hivi hivi naiona. Rula ya kweli ni ya kuagiza nje, inafika baada ya wiki sita, na bei yake ni milango kumi. Na huyo fundi niliyemkimbia naye amesafiri."

Shangazi alimhurumia, ingawa uso wake hauna mazoea ya kuonyesha mambo hayo. "Hebu nieleze tena. Aliziweka mbili pamoja, mwanga haukupita?"

"Hata chembe."

"Urefu wote huo? Na vidole vyake vilikuwaje?"

"Vidole vya mwizi! Vina bandeji."

Shangazi akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, unajua ni kazi gani kulinganisha vyuma viwili virefu namna hii mwanga usipite? Kiwandani tulikuwa watu sitini, walioweza walikuwa wawili. Huyo tapeli ana mkono wa dhahabu na hajui."

"Mkono wa dhahabu gani, rula imepinda!"

"Imepinda kwa sababu zilikuwa mbili. Mbili zinaweza kukubaliana na zote ni mbovu. Moja imetoa tumbo, mwenzake amebonyea, tumbo limeingia humo, mwanga unapitia wapi? Lakini ziwe tatu. Ya kwanza ikubaliane na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza. Ya kwanza ikiwa na tumbo, hizo mbili nyingine lazima zibonyee, na mbili zilizobonyea zikikutana, mwanga unapita katikati. Hakuna pa kujificha. Ukizilazimisha zote tatu zikubaliane, zinanyooka, zitake zisitake. Hatukuwa tunanunua rula pale kiwandani. Ndivyo tulivyozitengeneza."

"Basi tuzitengeneze!"

Shangazi akanyoosha vidole vyake vilivyokakamaa kwa baridi yabisi. "Kwa hivi? Au kwa vyako?"

Bosi akavitazama vidole vyake vinene, akavificha mifukoni.

"Mpigie simu," akasema Shangazi.

Kalamu Nne alikuja akiwa tayari kukimbia, viatu vimefungwa kamba mara mbili. Alikuta tabasamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae. Rula yako imetuokoa. Sasa kuna kiwanda kimoja kikubwa, nawafahamu, wanataka seti ya rula tatu. Tatu zikubaliane zote, kila moja na kila mwenzake, mwanga usipite popote. Watalipa mara kumi ya ulichopata hapa."

"Mara..."

"Kumi. Ila wanazitaka ndani ya siku kumi, na ziwe za chuma kinene. Kama ni kazi ngumu sema, niwatafutie mtu mwingine."

"Ngumu? Mama, mbili nilizi... nilizipata. Tatu si ni mbili na moja juu?"

Hapo ndipo hesabu ilipomlaghai, tena hesabu ya darasa la kwanza. Alinunua vyuma vitatu vinene kwa fedha yake mwenyewe, akajifungia uani. Ya kwanza na ya pili zikaelewana kwa siku mbili, kama kawaida. Akaisugua ya tatu kwenye ya kwanza, ikaelewana nayo vizuri. Akaipeleka ya tatu kwa ya pili huku akipiga mluzi, akawasha kalamu tochi. Mwanga ukamwagika kama mtu kaacha dirisha wazi.

Akarekebisha ya tatu ifanane na ya pili. Ikagombana na ya kwanza. Akairekebisha ya kwanza, ikaachana na ya pili. Siku ya tano alikuwa anazitukana moja moja kwa zamu ili asiionee yoyote. Alitaka kuziacha. Lakini mara kumi, jamani! Akachukua masizi ya sufuria, akayachanganya na mafuta, akapaka rula moja na kuibusisha kwa mwenzake, akatazama weusi ulipobaki, akapitisha tupa hapo tu, kidogo, kidogo zaidi. Akaacha kuchagua kipenzi. Akazizungusha, hii na ile, ile na nyingine, nyingine na hii, bila kupumzika na bila kula vizuri.

Siku ya tisa, saa nane mchana, aliwasha tochi na mwanga haukupita. Akabadilisha. Haukupita. Akabadilisha tena. Giza tupu, mwanzo hadi mwisho. Akarudia mara kumi na moja. Kifua kikamjaa furaha ya ajabu, furaha ambayo hakuna mtu yeyote aliyelizwa ili ipatikane, na jambo hilo likamtia wasiwasi mkubwa. Ilibidi ajikumbushe kwamba ni rula feki, zimetengenezwa uani kwa masizi ya sufuria. Akatulia.

Siku ya kumi alizifikisha karakanani. Shangazi alizijaribu zote kwa tochi, kisha akachora mstari kwa msumari, akapindua, akachora tena. Ukabaki mstari mmoja. Akapitisha ukucha. Haukupata mahali pa kuingia.

"Mnunuzi atafika saa kumi," akasema. "Pumzika, baba. Kunywa chai."

Kalamu Nne hakuimaliza ile chai. Siku kumi za kazi halali zilimwangukia kwa mpigo, akalala juu ya rundo la maranda, mdomo wazi. Hakuona Shangazi akilaza rula juu ya meza zote mbili za mashine na kuchungulia chini yake. Hakumwona Bosi akilegeza bolti moja, akiingiza kipande chembamba cha kopo la soda chini ya kona ya meza, akikaza, akiambiwa "bado, pumbavu wee, taratibu." Aliamshwa na mngurumo wa mashine. Bosi alikuwa ameshika mbao mbili zilizopita kwenye kisu, amezisimamisha ubavu kwa ubavu, hakuna mwanga kati yake, na machozi yanamtoka mtu mzima bila aibu.

"Wamefika?" akauliza Kalamu Nne.

Shangazi akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Baba, mnunuzi hayupo. Hakuwahi kuwepo. Ulimdanganya mwanangu, nami nikakudanganya wewe. Mashine imeshasetiwa, kazi imekwisha."

Kalamu Nne hakukasirika. Alimtazama kwa heshima, mtu wa fani kwa mtu wa fani. "Umeniweza, mama."

"Sijamaliza. Rula hizi zimenyooka. Za kweli kabisa, sijaona bora tangu kiwanda kifungwe. Moja nitainunua kwa bei yake halali, nitakulipa mkononi leo. Hizo mbili nitakupa majina ya watu watakaozigombania. Na Jumatatu njoo kazini. Kuna mashine mji mzima zinazotoa ndizi, mimi nina macho na wewe una mikono. Mikono kama hiyo nimeiona kwa watu wawili tu, na wote wameshakufa."

Alisema kwa moyo wake wote. Sauti ilimkwama kidogo mwishoni, na Shangazi si mtu wa kukwama sauti.

Kalamu Nne alimsikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo nywele zilivyomsimama. Alizitambua hatua zote! Kwanza unakiri uongo mdogo, ili mtu akuamini. Pili unamsifu. Tatu unamwonyesha fedha. Nne unampa ahadi ya maisha. Na ile sauti ya kukwama, lo, ile alikuwa hajawahi kuisikia ikifanywa vizuri namna hiyo. Vyuma alivyovisugua mwenyewe uani, bila kipimo, bila mashine, vinyooke? Kwa kufananishwa na vyuma vilivyopinda? Noti zile lazima ni bandia, na Jumatatu lazima polisi wako mlangoni.

"Mara moja inatosha, mama," akasema, akizikusanya rula zake kifuani. Akatoka kinyumenyume.

"Subiri! Baba, wallahi nakwambia kweli!"

"Naona, mama. Naona kabisa." Akapotea uchochoroni.

Bosi alikuwa anacheka. "Mwache aende na vyuma vyake, mashine yetu imeshanyooka."

"Usicheke," Shangazi akamkatiza. "Mfuate. Ataziuza kwa kilo. Akishaondoka tu, zinunue, hata wakikupiga bei mara tatu ya ile ya chuma chakavu." Akabaki amekaa kwenye kigoda, anatazama maranda yenye umbo la mtu aliyelala. "Na ukiweza, mrudishe na yeye."

Uwanja wa chuma chakavu ulikuwa mitaa miwili mbele. Bosi alijibanza nyuma ya friji bovu, akihema, akamwona Kalamu Nne akizipanga rula tatu kwenye mizani. Ya mwisho aliishikilia kidogo. Akapitisha kidole gumba kwenye makali yake, toka mwanzo hadi mwisho, polepole, kisha akaiweka juu ya wenzake na kupokea vihela vyake bila kubishana bei.

"Chuma kizuri hiki," akasema mwenye mizani. "Kwa nini unauza?"

"Mzee, mji umeharibika," akajibu Kalamu Nne, akitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. "Watu hawana haya tena. Nimetoka kwa mama mmoja sasa hivi, mtu mzima, wa kuamkiwa. Kanitazama machoni, machozi yanamlengalenga, akaniambia eti mimi ni fundi."